Nilitaka kubana elfu tisa, sasa boneti imechubuka rangi na mke wangu anarudi Jumapili

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, naishi Tabata na mke wangu na watoto wawili. Naomba usinicheke, maana jambo lenyewe lilianza na ndoo ya maji.

Tuna gari dogo, IST nyeusi, tuliyoagiza Japani mwaka 2019. Nikisema "tuliagiza" sitii chumvi. Mimi nilitoa akiba yangu, mke wangu akatoa fedha zake za kikoba za miaka mitatu, na ushuru ulipozidi tulivyotegemea, yeye ndiye aliyeuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Gari hilo huwa analiita mtoto wa tatu.

Tangu lifike, kila Jumamosi nimekuwa nikilipeleka kwa kijana anayeosha magari chini ya mkungu karibu na kituo cha daladala. Nitamwita Chidi. Bei yake ni 7,000, mimi humpa na 2,000 ya chai, tunabishana habari za Simba na Yanga, kisha narudi nyumbani gari linang'aa. Ule mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022, wakati maji ya Mto Ruvu yamepungua sana, alikuwa ananifichia madumu mawili pembeni ili nisikose.

Miezi minne iliyopita kazini walitupunguzia siku, sasa naenda siku tatu kwa wiki. Nikakaa na kalamu. Elfu tisa mara nne ni 36,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 432,000. Nikasema hii ni ada ya mtoto inamwagika chini ya mti. Nikanunua mpira wa maji kwa 35,000, nikachukua sabuni ya unga na sponji ya vyombo, nikaanza kuosha mwenyewe uani.

Mwezi wa kwanza nilijiona mjanja. Bili ya maji ilipanda kwa elfu tano hivi, nikaona bado nina faida. Mama mwenye nyumba alinung'unika kuhusu povu linalopita mlangoni kwake, nikamwomba radhi, yakaisha. Mke wangu aliniuliza mbona siendi tena kwa Chidi, nikamwambia natafuta mazoezi, kitambi kimezidi. Alicheka. Siku ambazo siendi kazini huwa natoka asubuhi kama kawaida, nakwenda kukaa dukani kwa rafiki yangu anayeuza vifaa vya umeme, jioni narudi.

Sasa Shangazi, wiki mbili zilizopita mke wangu alikwenda Tanga kumuuguza mama yake. Uani kwetu kuna mwarobaini, na kunguru wa Dar unawajua. Nilikuta wamechafua boneti, uchafu umekauka siku mbili au tatu, hautoki kwa sponji. Saa ilikuwa saba mchana, jua la utosini. Nikaingia jikoni nikachukua stilwaya. Ukatoka vizuri kabisa! Nikaona hata yale madoa meupe ya maji yanatoka (siku bomba likikatika huwa natumia maji ya kisima cha jirani, yana chumvi). Basi nikaona nisifanye kazi nusu, nikasugua boneti yote.

Ilipokauka nilikaa chini. Boneti nzima ina michirizi kama utando wa buibui, na sehemu moja imekuwa kijivu. Rafiki yangu wa dukani akaniambia dawa ya meno inaondoa mikwaruzo. Nimemaliza tyubu mbili. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani anataka 200,000 kupiga rangi boneti. Mwingine anasema atapiga kompaundi, ile dawa ya kung'arisha rangi, na mashine kwa 50,000, ila hatoi ahadi.

Fedha ninayo, 250,000, lakini aliniachia mke wangu ya marejesho ya kikoba chake. Nawaza niipige rangi sasa, halafu nitafute ya kuirudisha kabla siku ya marejesho haijafika.

Jumamosi iliyopita Chidi alikuja getini. Akaniuliza, "Bosi, nimekukosea nini?" Nikamwambia gari liko gereji. Gari lilikuwa nyuma yangu limefunikwa turubai, magurudumu yanaonekana. Akayatazama, akasema, "Sawa bosi, likipona karibu." Tangu siku ile sipiti tena njia ya kituoni, nazunguka kwa nyuma.

Mke wangu anarudi Jumapili. Gari nimeliegesha likitazama ukuta. Nipige rangi? Nirudi kwa Chidi nikijifanya hakuna kilichotokea? Au nivumilie tu nijifunze kuosha vizuri? Nashindwa kulala kwa jambo la sabuni, Shangazi, hata kulisema naona haya.

Baba Wawili, Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Uliniomba nisicheke. Nilijikaza mpaka nilipofika kwenye yale magurudumu chini ya turubai. Nisamehe. Baada ya hapo nikarudia barua yako mara ya pili, na safari hiyo sikucheka.

Nikikuelewa sawasawa, ulitaka kuipunguzia familia gharama, ukachagua kitu ambacho hakimnyimi mtu chakula, ukakosea chombo cha kusugulia, na sasa una watu wawili unaowakwepa: mmoja kituoni, mwingine yuko njiani kutoka Tanga. Na una 250,000 mkononi ambayo si yako. Nitaanza na boneti, si kwa sababu ndiyo kubwa, ila kwa sababu kila siku unapoishika unaiongezea.

Acha dawa ya meno. Ina chembe zinazosugua, ndiyo maana inang'arisha meno, kwa hiyo tyubu mbili ulizomaliza ni msasa mwembamba juu ya msasa wa stilwaya. Nimemuuliza mpwa wangu anayepiga rangi magari. Anasema juu ya ule weusi wa gari lako kuna tabaka jingine lisilo na rangi, linalong'aa kama kioo, nalo ni jembamba kuliko unywele. Mikwaruzo mingi ya kuoshea huwa inakaa hapo juu, haijafika kwenye rangi yenyewe. Ilowanishe boneti kwa maji safi uitazame: mikwaruzo inayopotea ikiwa imelowa ni ya juu juu, hiyo kompaundi inaweza kuipunguza. Kisha pitisha ukucha taratibu. Pale ukucha unaponasa pameingia ndani, na hapo mashine haitakusaidia sana. Ile sehemu ya kijivu ndiyo inayomtia mpwa wangu wasiwasi.

Kwa hiyo yule fundi wa 50,000 asiyetoa ahadi huenda ndiye mkweli zaidi kati ya wale wawili. Lakini jua kwamba kompaundi inang'arisha kwa kula lile tabaka la juu. Likishaisha haliongezeki. Mwombe ajaribu kipande kidogo pembeni, ukubwa wa kiganja, uone kabla hujakubali boneti yote. Na rangi ya 200,000 nayo ina yake. Nyeusi ya gari la miaka mingi imeshapigwa na jua, boneti mpya inaweza kukaa kama kiraka, na mwanamke anayeliita gari mtoto wa tatu ataiona kabla hajashusha begi. Sikukatazi kupiga rangi. Ninachokuuliza ni kwamba, ukiipiga kabla ya Jumapili, unatengeneza boneti au unatengeneza Jumapili?

Na fedha ya kikoba. Hapa naomba nikae kidogo, maana mimi mwenyewe ni mwanakikoba. Siku ya marejesho wenzetu hukaa duara, jina linaitwa, fedha inahesabiwa mbele ya watu. Anayekosa hulipa faini, na faini si kitu; kitu ni yale macho. Wewe unasema utaitafuta kabla ya siku hiyo. Itatoka wapi, na mshahara umepungua? Labda unapajua, hukuniandikia tu. Kama hupajui, basi utakuwa umeibadilisha michirizi ya boneti, ambayo ni yako, kwa aibu ambayo itamfika yeye. Pima mwenyewe.

Tuje kwenye hesabu, maana naona unazipenda. Umeokoa 36,000 kwa miezi minne, ni 144,000. Toa mpira 35,000, toa maji kama 20,000, toa sabuni. Umebaki na kama 80,000 hivi. Si haba. Usije ukajiambia kuwa wazo lote lilikuwa la kijinga kwa sababu ya mchana mmoja. Kuosha gari nyumbani kunaokoa fedha kweli. Kilichokugharimu ni kuliosha kama sufuria.

Sufuria haina rangi ya kuogopea. Gari lina vumbi la mchanga, na sponji ikishaubeba ule mchanga inakuwa msasa, hata kama ni laini. Ndiyo maana wanaojua wanatumia ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye bodi. Wanamwaga maji kwanza vumbi lishuke, wanaanza paa, wanashuka, na magurudumu yanakuwa ya mwisho kwa kitambaa chake. Kitambaa kikianguka chini hakirudi kwenye gari. Sabuni ya unga ni kali, inaondoa waksi na kuiacha rangi wazi. Uchafu wa kunguru hausuguliwi kabisa: unaweka kitambaa kilicholowa juu yake dakika kumi, unalainika, unauinua. Ila usiuache siku tatu, una asidi, na chini ya jua la Dar unakula rangi wenyewe bila msaada wako. Osha asubuhi au jioni, bodi ikiwa ya baridi. Maji ya kisima cha chumvi, kama huna mengine, usiyaache yakauke juu ya gari. Kausha kwa kitambaa cha maikrofaiba papo hapo, maana doa jeupe ni chumvi iliyobaki maji yalipoondoka. Injini usiimwagie mpira, kuna nyaya na vifaa vya umeme mle ambavyo bei yake itakufanya uisahau boneti. Na ukisikia mtu anakwambia uisafishe kwa petroli au mafuta ya taa, mwache aendelee na zake.

Mpira nao upime. Weka ndoo ya lita 20 chini yake, hesabu. Ikijaa kwa dakika moja na nusu, basi ukiuacha wazi dakika 40 umemwaga zaidi ya lita 500. Ndoo tatu au nne zinaliosha gari dogo likatakata, na mama mwenye nyumba hataona povu mlangoni.

Vifaa hivyo, yaani shampuu, vitambaa vinne vitano na kopo la waksi, tuseme vitakufikia 60,000. Ni chini ya Jumamosi saba za Chidi. Baada ya hapo unaokoa. Hatari yake ni uvivu: wiki ya tatu mgongo utauma, utaosha haraka haraka kwa kitambaa kimoja, na utando wa buibui utarudi. Najua ninachosema, kwangu kuna ndoo mbili safi kabisa ambazo hazijatoka stoo tangu Krismasi.

Kuna njia ya katikati, na sijui kwa nini haimo kwenye barua yako. Nani alisema gari lioshwe kila Jumamosi? Ukilipeleka kwa Chidi mara moja kwa mwezi, likapata kuoshwa na kufutwa ndani vizuri, na wiki nyingine ukalisuuza mwenyewe kwa ndoo tatu, umelipa 9,000 badala ya 36,000. Au mara mbili kwa mwezi. Kwako limekuwa Chidi au ndoo, wakati kalenda ina Jumamosi nyingi.

Lakini Chidi kwako si bei tu. Umemweleza kwa maneno mengi kuliko ulivyomweleza hata fundi rangi. Unadhani umemkatia riziki, na pengine imemuuma mfukoni, sikatai. Ila niruhusu nikuchokoze kidogo: chini ya mkungu ule yanapita magari mangapi kwa siku? Mtu aliyefuata mteja mpaka getini akauliza "nimekukosea nini" huenda hakufuata 9,000. Alifuata jibu. Nawe ukamwonyesha turubai.

Unaweza kumpa jibu bila kumpa kazi. "Chidi, mambo yamebana, naosha mwenyewe kwa sasa, hujanikosea kitu." Ni maneno machache, yanachoma kuyatoa, na mtu wa kijiweni anayajua kuliko unavyodhani, kwa sababu hayo ndiyo maisha yake ya kila wiki. Unaweza hata kumwonyesha boneti. Ameosha magari miaka mingi, ameshaona stilwaya za watu. Nakutahadharisha jambo moja tu: usimwombe aje akusaidie bure kwa ajili ya urafiki. Akijitolea mwenyewe ni jingine. Na inawezekana amekasirika, akakujibu kwa mkato, ukarudi nyumbani mnyonge. Hilo nalo uliweke kwenye hesabu.

Sasa nifike pale niliposoma mara ya pili. Barua yako ina maneno mengi kuhusu maji na sabuni, halafu katikati, kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza, unasema siku ambazo huendi kazini unatoka asubuhi kama kawaida na kukaa dukani kwa rafiki. Miezi minne. Ukavuka, ukaniletea kunguru.

Mwanangu, mimi sijui ndani ya nyumba yenu. Inawezekana una sababu. Wapo wanaume wanaosubiri kidogo wakitumaini siku zitarudishwa, waje kusema habari pamoja na suluhisho lake. Wapo wanaoona mke ana mama mgonjwa, wanasema nisimwongezee mzigo. Hayo yote ni mapenzi pia, siyabezi. Lakini unaamini kwamba Jumapili atakasirika kwa sababu ya boneti. Mimi nasoma habari za mwanamke aliyeuza cherehani yake ili gari litoke bandarini, na najiuliza kama ndiye huyo unayemwogopa. Mtu wa namna hiyo akisikia siku zimepunguzwa huenda akalia, huenda akanuna siku mbili kwa nini hakuambiwa, huenda pia akachukua ile kalamu yako akaanza kupiga hesabu pamoja nawe. Labda ameshajua. Kile kicheko chake cha kitambi, ulikisikiliza vizuri?

Kumwambia kuna hatari zake, sitakudanganya. Atarudi amechoka na kuuguza, na akisikia la kazi, la boneti na la Chidi kwa usiku mmoja, yatamfikia kama mzigo mmoja uliofungwa pamoja. Unaweza kuchagua lipi litangulie. Kuna wanaopenda kuanza na dogo ili kupima maji, tatizo lake ni kwamba dogo lako linaonekana kwa macho na litaulizwa "kwa nini uliosha mwenyewe?" na jibu la swali hilo ni lile kubwa. Kuna wanaopiga simu kabla, ili mwenzao apate muda wa kukasirika akiwa peke yake kwenye basi. Mimi nisingethubutu kwa simu, lakini mimi si wewe, na mke ni wako. Kutomwambia nako kuna gharama yake, nawe umeshaanza kuilipa: unalala macho wazi, unazunguka njia ya nyuma, na gari lako mwenyewe umelifanya litazame ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa darasani.

Niandikie tena ukipenda, hata kama ni kuniambia kwamba rangi imepigwa na imekaa vizuri. Sitakuuliza kwa nini. Ila kitu kimoja hakiwezi kusubiri Jumapili, mpwa wangu amesisitiza nikwambie: litoe lile turubai. Likikaa juu ya gari lenye vumbi, kila upepo unapovuma linasugua, na hapo ulipo hata milango ambayo hukuigusa nayo inapata michirizi.

Shangazi